Joto la Alhamisi

Walikutana kwenye mlango wa nyuma wa hoteli kubwa, saa tano asubuhi, saa ambayo mlango ule huwa haupitiki. Magari ya mboga yalikuwa kwenye foleni, wapishi wanapiga kelele, mlinzi anataka kila mtu asaini daftari, na lifti ya mizigo inayofanya kazi ilikuwa moja tu. Dobi alikuwa amebeba makoti kumi na mawili ya wahudumu, yamepigwa pasi yakanyooka kama karatasi mpya. Aliyaninginiza kwenye mkono mmoja alioinua juu ya kichwa ili yasiguswe na mtu, na mkono wa pili ulikuwa umebeba mfuko wa vitambaa vya meza.

Mlango wa lifti ulipokaribia kufunga, akaingia mwanaume mmoja akisukuma toroli la samaki wa barafu. Nje jua lilikuwa la kupasua mawe. Yeye alikuwa amevaa koti zito lililofungwa hadi kidevuni, kofia ya sufu imeshuka mpaka kwenye nyusi, na mabuti ya mpira.

"Kaka, unaumwa?" Dobi alimuuliza.

"Naumwa nini?"

"Sijui. Mtu mzima, jua hili, umejifunika kama mtoto mchanga."

Akacheka. "Ninakotoka ni nyuzi ishirini chini ya sifuri, dada. Nafanya kazi kwenye ghala la barafu. Nikivua huku, nivae kule, wiki haiishi nimelazwa."

"Basi wasogeze hao samaki. Wakinirushia tone moja tu kwenye makoti haya, shangazi yangu atanipara magamba pamoja nao."

Mwanaume yule alivua koti lake, akaligeuza, akalifunika juu ya toroli zima ili maji yasiruke. Ndani alikuwa na shati jeupe, safi, ila vifungo vyote vilikuwa vimekosea tundu moja, upande mmoja wa kola umepanda na mwingine umeshuka.

"Umefunga kombo," Dobi alisema. Macho yake hayakuweza kuvumilia nguo iliyokaa vibaya.

"Nilikuwa na haraka. Ungekuwa na mkono mwingine ungenifungia."

"Ningekuwa na mkono mwingine ningekuzaba kibao."

Lifti ilipofika ghorofa ya nne, Dobi alikuwa ameshampa namba yake ya simu. Mpaka leo hajui aliitoaje haraka vile.

Tangu siku hiyo yeye akamwita Barafu, na Barafu akamwita Dobi wangu, na majina yao ya cheti wakawaachia wazazi waliowapa.

Dobi alikuwa amefanya kazi miaka tisa kwenye duka la shangazi yake, la kufua na kupiga pasi. Alikuwa mfupi, mwenye mashavu ya kuviringana na mikono yenye nguvu, kitambaa cha njano kichwani siku zote. Kazi ile ilikuwa imemfundisha kusoma watu kupitia nguo zao. Alijua nani amelia kwa kuangalia ncha za mikono ya blauzi. Alijua nani ameanza kunywa, nani amekonda, nani amehama chumba cha mkewe. Shangazi alikuwa na sheria moja: dobi ana macho, hana mdomo. Lakini sheria hiyo ilihusu nguo za wateja. Za mpenzi wake hazikutajwa.

Na wivu alikuwa nao, tena hakuuficha. Barafu akichelewa kupokea simu, yeye tayari alishamjengea mwanamke mwingine, akamvisha gauni, akampa na sauti.

"Ulikuwa na nani?"

"Na samaki jodari tani mbili, mpenzi."

"Wa kike au wa kiume?"

"Dobi wangu, nikianza kukagua jinsia za samaki nitafukuzwa kazi."

Hapo Dobi alikuwa akicheka, na yule mwanamke wa kufikirika akivua gauni lake na kuondoka zake.

Mwezi wa saba wa mapenzi yao, wakiwa wamekaa kwenye ngazi za duka, Barafu alimuuliza ghafla, "Umewahi kuingia sauna?"

Dobi alicheka mpaka akashika mbavu. "Chumba cha mbao mnachofungiwa na mawe ya moto? Mtu na akili zake anakwenda kutafuta jasho? Njoo usimame nyuma ya meza yangu ya pasi, utoke jasho mpaka ulikimbie. Sauna ni ya wanaume wanaojipenda kupita kiasi."

"Haya," alisema Barafu, akaangalia mikono yake, akabadilisha mazungumzo.

Wiki tatu baadaye, Dobi aliweka shati la Barafu mezani, akapitisha mvuke wa pasi kwenye kola. Harufu ikapanda. Haikuwa ya samaki, wala ya sabuni yake. Ilikuwa harufu ya mkaratusi, kali, safi, kama ya dawa ya kifua, na chini yake kulikuwa na harufu ya mbao zilizopata moto. Akainamisha pua. Akavuta tena.

Alilikunja shati, akaliweka kwenye rundo. Wiki iliyofuata harufu ilikuwepo. Na iliyofuata. Kila mara ilikuwa kwenye shati la Alhamisi.

Alhamisi ya nne akampigia simu saa tisa alasiri.

"Uko wapi, kipenzi?"

"Kazini. Wameongeza zamu."

Kwenye ghala la barafu mashine huunguruma usiku na mchana. Dobi alizijua kwa mlio. Safari hii hapakuwa na ngurumo. Palikuwa na maji yanayodondoka, na sauti ya mwanamke, tulivu, ya karibu kabisa na simu: "Nipe na huo mwingine."

"Nani huyo?"

"Nani?"

"Huyo anayetaka apewe huo mwingine."

"Ah, ni... karani. Mambo ya makaratasi. Nitakupigia, mpenzi."

Simu ikakatika. Dobi alisimama na pasi mkononi mpaka shangazi akapiga ukelele kwamba suruali ya mwalimu mkuu inaungua.

Alhamisi ya tano alivaa gauni la kijivu ambalo Barafu hakuwahi kuliona, akatoa kitambaa cha njano kichwani, akamfuata kwa miguu kutoka kwenye geti la ghala. Barafu hakuangalia nyuma. Alivuka barabara mbili, akapinda kwenye mtaa wa wauza vitabu, akaingia nyumba nyeupe yenye kibao mlangoni: Sauna, Mvuke, Mapumziko.

Dobi alihesabu mpaka mia mbili, akasukuma mlango. Sebule ya mapokezi ilikuwa tupu. Upande wa ndani kulikuwa na mlango wa kioo chenye ukungu, na katikati ya ukungu mtu alikuwa amefuta duara kwa kiganja. Akachungulia.

Barafu alikuwa amekaa kwenye benchi, ana bukta na taulo mabegani, ngozi inang'aa kwa jasho. Mbele yake alikuwa amepiga magoti mwanamke mrefu, shingo ndefu, nywele amenyoa zote, amevaa sare nyeupe isiyo na kunjo hata moja. Alikuwa ameushika mkono wa Barafu kwa mikono yake miwili. Alikuwa anauchezea kidole kimoja kimoja, polepole, anakiinua, anakikodolea macho, anakigeuza. Barafu alikuwa amefumba macho.

Kama wangekuwa wanabusiana, Dobi angeingia na kuvunja kioo. Lakini utulivu ule ulimmaliza nguvu. Aliondoka kimya kimya, akafika dukani, akapiga pasi mashuka arobaini ya hoteli bila kupumzika. Jioni simu ya Barafu ililia mara kumi na moja. Hakuipokea.

"Mmegombana?" shangazi aliuliza.

"Hapana. Kuna twiga mmoja kaingia shambani kwangu."

"Twiga hali majani ya chini, mwanangu. Una uhakika ni shamba lako?"

"Shangazi!"

"Mimi nauliza tu."

Kwenye kibao cha nyumba nyeupe Dobi alikuwa amesoma kitu kingine: Jumamosi ni siku ya wanawake. Jumamosi hiyo akaomba ruhusa, akaenda. Alitaka kumwona yule mwanamke karibu, amsome kama anavyosoma nguo, ajue ana nini ambacho yeye hana.

Twiga mwenyewe ndiye aliyempokea. Kwa karibu alikuwa mzuri zaidi, jambo lililomkera Dobi kupita kiasi. Alikuwa na daftari.

"Karibu dada. Ni mara yako ya kwanza?"

"Ya kwanza kwako."

"Una shinikizo la damu? Una mimba? Umekula? Una sehemu yoyote ya mwili yenye ganzi?"

"Sina chochote. Mimi ni mtu wa mvuke. Miaka tisa napiga pasi."

Mwanamke yule alitabasamu. "Joto la sauna ni tofauti, dada. Kunywa maji haya kwanza. Kaa benchi la chini, juu kuna moto zaidi. Dakika nane zinakutosha kwa mara ya kwanza, halafu utoke upoe. Ukisikia kichwa chepesi, toka hata kama ni dakika mbili."

Dobi aliinywesha maji yale mimea ya mapokezi mwenzake alipogeuka. Hakuja kupewa maji na mtu wa namna ile.

Chumba kilikuwa kidogo, cha mbao tupu, na jiko la mawe kwenye kona. Ukutani kulikuwa na kipimajoto kinachosoma nyuzi themanini, na saa ya mchanga. Na harufu ilikuwa ile ile. Ilimpiga usoni kama kofi. Wanawake wawili wazee walikuwa wamekaa benchi la chini wakizungumzia magoti yao. Dobi akapanda benchi la juu.

Twiga akaingia, akachota maji kwa upawa wa mbao, akamwagia mawe. Mawe yakafoka. Joto likashuka kutoka darini kama blanketi zito.

"Dada, shuka benchi la chini."

"Niko sawa. Wewe huketi?"

"Nakaa kidogo kuwaangalia wageni."

Akakaa. Basi na Dobi akaapa moyoni: huyu hatanitoa hapa. Atatoka yeye kwanza. Mchanga ukawa unashuka. Jasho lilimtiririka mpaka machoni. Wale wazee wakatoka. Mchanga ukaisha, Twiga akasimama.

"Nane zimetimia. Twende nje."

"Nenda wewe."

"Dada, hapa hakuna mashindano."

"Yapo," Dobi alisema, na ulimi ulikuwa mzito. "Wewe unayajua vizuri. Unashika vidole vya watu wenye watu wao."

Mwanamke yule alimtazama kwa makini. Kisha uso wake ukabadilika. "Ni wewe," alisema. "Wewe ndiye Dobi."

Dobi aliinuka amjibu. Alikuwa na jibu zuri, alilitunga tangu Alhamisi. Lakini kuta za mbao zilizunguka, kipimajoto kikawa viwili, na kitu cha mwisho alichokiona ni ile shingo ndefu ikimjia.

Alizinduka amelala kwenye sakafu baridi ya vigae, miguu imeinuliwa juu ya kiti, kitambaa chenye maji kwenye paji la uso. Twiga alikuwa amepiga magoti kando yake, sare yake imelowa na kukunjamana, anamnywesha maji yenye chumvi na sukari kwa kijiko.

"Umenibeba?" Dobi aliuliza kwa sauti ya panya.

"Nimekubeba. Na u mzito, wifi."

"Usiniite wifi. Uwifi bado sana."

"Kunywa. Nimempigia simu, anakuja."

"Nani kakwambia umpigie? Namba yake unayo?"

"Ninazo za wateja wote." Akaweka kijiko chini. "Sikiliza. Siri ya mteja siisemi. Atakwambia mwenyewe. Mimi nitakwambia ya kwangu tu. Yule mwanaume nilimtazama, sikufichi. Asingekuwa na mtu ningejaribu bahati. Lakini kila akifungua mdomo linatoka neno moja: Dobi wangu hivi, Dobi wangu vile. Mwanamke ana kiburi chake. Nikaacha."

Dobi alimkazia macho. Alitaka kumchukia, lakini ni vigumu kumchukia mtu ambaye ametoka kukuinua miguu.

Mlango ukafunguka kwa kishindo. Barafu aliingia na koti lake zito, kofia, glavu na mabuti, anahema kama aliyekimbizwa na nyuki. Alipiga magoti na kumshika Dobi mashavu.

"Umeumia? Nani alikuruhusu kupanda juu? Umeumia?"

"Niachie uso wangu. Nenda kashikwe vidole."

Twiga alinyanyuka, akatoka, akawafungia mlango. Barafu alikaa chini vigaeni. Akavua glavu na kuiweka mikono yake mapajani, wazi, kama mtu anayeonyesha hana silaha.

"Gusa," alisema.

"Sigusi."

"Finya basi. Finya kwa kucha."

Dobi alimfinya kidole cha kati kwa nguvu zote za hasira yake. Kucha ikaingia. Barafu hakutikisika hata kope.

"Sisikii," alisema. "Miaka sita kwenye ghala lile. Mwaka jana ncha zilianza ganzi, sasa ni karibu vidole vyote. Daktari anasema baridi imeumiza mishipa ya fahamu. Alinitaka nitoke kwenye baridi, na akasema joto linaweza kulainisha viungo. Kweli, nikitoka hapa maumivu ya mabega na viwiko yanapungua, nalala. Lakini mtu mwenye ganzi anaweza kuungua asijue. Kwa hiyo kila nikitoka ndani, yule dada anakagua kidole kimoja kimoja."

Dobi alibaki ameshika kile kidole. Aliiona alama ya kucha yake, nyekundu.

"Tangu lini?"

"Siku ile ya lifti tayari nilikuwa siwezi kufunga kifungo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa sababu tukitembea unanishika mkono. Unaufinya ukifurahi, ukikasirika, ukivuka barabara. Na mimi sisikii. Nilikuwa nakuangalia usoni ili nijue saa ngapi nifinye na mimi. Nitamwambiaje mwanamke jambo kama hilo?"

Machozi yalimjaa Dobi, lakini hasira nayo haikuwa imekwisha. Vyote viwili vilitoka kwa mlango mmoja.

"Shati nalipiga pasi mimi, siri anapewa yeye!"

"Yeye nililazimika kumwambia. Ningemdanganya ningeungua."

"Na mimi uliponidanganya ulidhani hutaungua?"

Dobi aliinuka, akayumba, akakataa kushikwa, akaenda zake nyumbani.

Siku kumi na mbili hawakuonana. Barafu alituma ujumbe kila asubuhi, mfupi: "Umeamkaje?" Naye alijibu: "Nimeamka." Shangazi alivumilia siku tisa.

"Unamwadhibu kwa lipi hasa?" aliuliza akikunja mapazia. "Hakuwa na mwanamke."

"Alimwamini mwingine kabla yangu."

"Ulimcheka, mwanangu. Pale kwenye ngazi. Nilikuwa ndani, nilisikia. Ulimwita mwanaume anayejipenda. Na yeye alitaka wewe uwe mtu wa kwanza kuambiwa."

Dobi alitua pasi. Jambo hilo halikuwa limempitia akilini hata mara moja. Akakumbuka jinsi Barafu alivyoangalia mikono yake na kusema "Haya."

Alhamisi mchana, kabla ya saa ya Barafu, alikwenda nyumba nyeupe. Twiga alikuwa anakunja taulo. Alizikunja vibaya, na Dobi alijizuia kwa shida kumwonyesha.

"Umekuja kwa raundi ya pili?" Twiga aliuliza.

"Nimekuja unifundishe." Maneno yalimtoka kama jino. "Unavyomkagua. Unaangalia nini, unashika wapi."

Mwanamke yule aliacha taulo. Alimtazama, na usoni mwake kitu kikafungwa taratibu, kama dirisha. Kisha akanyoosha mkono wake mwenyewe.

"Anza na ncha. Unatafuta wekundu usioondoka, lengelenge, au ngozi iliyolainika kupita kiasi. Angalia kati ya vidole. Usiharakishe. Yeye hawezi kukwambia pa kuangalia."

Barafu alipotoka kwenye chumba cha joto saa tisa na nusu, kichwa kimeinama, alikaa kwenye benchi lake na kunyoosha mikono bila kutazama. Mikono iliyoipokea ilikuwa mifupi, yenye alama za pasi. Akainua macho.

"Tulia," Dobi alisema. "Nitakosea kuhesabu."

Alikagua vidole vyote kumi. Alichukua muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Walipomaliza walitoka kukaa uani, chini ya ukuta, kila mmoja na jagi la maji. Upepo ulipita kwenye ngozi ya Barafu iliyojaa joto.

"Samahani nilikudanganya," Barafu alisema.

"Samahani nilikucheka. Siku nyingine nikicheka, nipige teke, uendelee kusema."

"Jumatatu nahamia getini. Nitapokea magari, nje, juani. Niliomba. Daktari anasema huenda hisia zikarudi kidogo, huenda zisirudi."

"Zisiporudi?"

"Ndilo nililotaka kukuuliza." Akaweka jagi chini. "Nataka tuoane, Dobi wangu. Ila kuna tatizo. Nikivaa pete sitaisikia. Inaweza kuchomoka nisijue. Itabidi niwe naitazama kila saa kuhakikisha bado ipo. Mbele za watu, kazini, popote. Utanivumilia?"

Dobi alifikiria. Kila saa. Mbele za watu. Popote. Akajikuta anatabasamu mpaka mashavu yakauma.

"Nitakuvumilia," alisema. "Na ukiwa na yule twiga, itazame mara mbili."